Sukari ya Mama na Akili Yake: Tuliyoyapitia Lamu

Mama yangu aligunduliwa kuwa na kisukari alipokuwa amekaribia miaka 60, na kwa muda mrefu ugonjwa ule haukuwa habari kubwa nyumbani kwetu Langoni. Alimeza vidonge vyake vya metformin na glibenclamide, alipunguza sukari ya chai, alikwenda kliniki siku aliyopangiwa na kurudi na kitabu chenye namba ambazo hakuna aliyezisoma. Tulichokijua kuhusu kisukari ni kile anachokijua kila mtu wa mwambao: kwamba huharibu figo, hupofusha macho na huleta vidonda vya miguu visivyopona. Habari za ubongo hatukuwahi kuambiwa, nasi hatukuwahi kuuliza. Naandika kwa ajili ya wanaoishi na wazee wenye kisukari, kwa sababu sisi tulikaa karibu mwaka mzima tukiutafuta ugonjwa mahali usipokuwapo, na katika muda huo mama alipoteza mambo ambayo mengine hayakurudi.

Mama ni mshonaji wa kofia. Anayezijua kofia za Lamu anajua kwamba kazi ile si ya uzi na sindano peke yake. Mshonaji hufuata mchoro uliopigwa juu ya kitambaa, hutoboa vitundu vidogo kwa mpangilio, kisha hukizungushia uzi kila kitundu, na kofia moja nzuri huweza kuchukua miezi. Kazi hiyo ndiyo iliyotangulia kutuonyesha kwamba kuna jambo. Mama hakusahau majina ya wajukuu wala hakupoteza funguo. Alianza kuruka safu za vitundu, akawa anaacha upande mmoja katikati na kuanzia upande mwingine, na mteja wake wa miaka mingi akairudisha kofia kwa adabu akisema labda amechanganya na ya mtu mwingine. Tulidhani ni macho. Tukampeleka akapimwe miwani, na miwani ilimsaidia kuona, lakini safu ziliendelea kurukwa.

Baadaye yakaja mengine. Alikuwa mkali wakati wa adhuhuri bila sababu, mtu ambaye maisha yake yote hakupata kumpandishia sauti mtoto. Asubuhi nyingine aliamka nguo zimelowa jasho, akasema ameota ndoto mbaya. Jioni moja alitoka kwenda kwa mama mdogo, Mkomani, njia aliyoipita tangu utotoni, akakutwa amesimama Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, akimwuliza muuza duka nyumba ya marehemu bibi yake iko wapi. Saa moja baadaye, baada ya kunyweshwa chai kwa huyo muuza duka, alirudi nyumbani mwenyewe akiwa mzima kabisa. Chai ile ilikuwa na sukari, na kwamba hilo lilikuwa na maana hakuna kati yetu aliyeliona.

Maelezo hayakukosekana. Wengi walisema ni uzee, na uzee ni neno linalofunga mazungumzo. Wengine walisema ni hasadi, kwa kuwa mama alikuwa amemaliza kujenga ghorofa ya juu. Alisomewa, akanyweshwa maji ya kombe, nami sina neno la kuwakosoa walioyafanya hayo, kwa kuwa kisomo kilimtuliza na mpaka leo anasomewa. Tatizo ni kwamba zahanati moja tuliyompeleka ilipima sukari yake siku mbili baada ya harusi ya mpwa wangu, ikakuta 11 (namba za sukari ya damu humu zote ni za mmol/L, kama zinavyosomwa na mashine zetu), ikaongeza kipimo cha glibenclamide bila kumwuliza anakula nini siku za kawaida. Siku za kawaida mama alikuwa anakula kidogo sana. Meno yalikuwa yanamsumbua, hamu ilipungua, na chakula chake cha asubuhi kilikuwa kikombe cha chai isiyo na sukari na nusu ya hamri iliyobaki kwenye sahani. Vidonge viliongezwa wakati chakula kinapungua, na jambo hilo lilikuwa wazi kwenye sinia kwa yeyote ambaye angelitazama.

Kilichofumbua macho ni alasiri moja ya mwezi wa Shaabani, mama akiwa amefunga sunna. Alikuwa ameketi dakani, akaanza kusema nami kana kwamba mimi ni mama yake, kisha maneno yakawa mazito, mdomo ukawa unatafuta jina la kitu usilipate. Wanawake waliokuwapo wakasema ni kiharusi. Kijana wa jirani anayesomea uuguzi alikuwa likizo, akaja mbio na mashine yake ya kupimia sukari. Ilisoma 2.4.

"Dada, usimpe wali," aliniambia, kwa maana mtu mmoja alikuwa ameshakwenda jikoni. "Koroga sukari kwenye maji, vijiko vitatu vya chai, na mwinue kichwa anywe taratibu."

Tulifanya hivyo, akatazama saa, na baada ya dakika 15 akapima tena: 3.3. Tukarudia maji ya sukari. Kipimo kilichofuata kilikuwa 5.1, na mama akatutazama tuliojaa pale, akauliza ni nani aliyemfuturisha kabla ya adhana.

Utaratibu ule nimeukuta baadaye katika miongozo mingi ya kisukari, nao unafaa kukaririwa na kila mwenye mzee nyumbani. Sukari ikiwa chini ya 4, mgonjwa aliye na fahamu na anayeweza kumeza hupewa gramu 15 za sukari inayoingia damuni haraka, yaani vijiko vitatu vya chai hivi vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au juisi tamu. Husubiriwa dakika 15, hupimwa tena, na kama bado iko chini hurudiwa. Ikishapanda ndipo hupewa chakula cha kukaa tumboni, kama mkate au muhogo. Halwa haifai kwa kazi hii ijapokuwa ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu wa Lamu angekifikia, kwa sababu samli iliyomo huchelewesha sukari kuingia damuni. Mgonjwa asiye na fahamu hamiminiwi kitu mdomoni kabisa, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Sisi tulikwenda hospitali hata baada ya 5.1, na huo ndio ushauri mwingine ambao kijana yule aliusisitiza wakati sisi tulikuwa tayari tumeanza kushukuru na kutawanyika. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, na athari yake inaweza kuendelea saa 24 au zaidi kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Ndivyo ilivyokuwa. Usiku ule sukari ilishuka tena wodini, akatundikiwa maji ya glukosi, na kama angelikuwa amelala nyumbani hakuna ambaye angeliamka kumpima.

Asubuhi daktari alikaa nasi. Alitufafanulia kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na nishati hiyo kwa kawaida hutoka kwenye glukosi inayoletwa na damu dakika kwa dakika, kwa kuwa ubongo wenyewe hauna ghala la maana. Sukari ikishuka, kijana hutetemeka, moyo humdunda, hutokwa na jasho, njaa humshika, naye hujua la kufanya. Kwa mzee dalili hizo hufifia, hasa aliyekaa na kisukari miaka mingi, na baadhi ya dawa za presha huzificha zaidi. Kinachobaki kuonekana ni ukali, kuchanganyikiwa, usingizi, maneno kupotea na kuyumba hata kuanguka. Ndiyo maana watu huona kiharusi, au uzee, au jini. Nilipomsimulia habari za adhuhuri, za nguo zilizolowa na za Usita wa Mui, alitikisa kichwa tu. Karibu yote, alisema, yanalingana na sukari iliyokuwa ikishuka na kupanda yenyewe bila mtu kujua.

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinikasirisha, si yeye aliyenikasirisha bali kulijua nikiwa nimechelewa: kwamba orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inaeleza kuwa glibenclamide haiwafai watu waliopita miaka 60. Mama alikuwa amekwisha kupita 70. Dawa ile ni ya bei nafuu, hupatikana kila mahali, na wapo wengi wanaoitumia bila matatizo, kwa hiyo nisingependa mtu asome haya akaitupa. Kuacha dawa ghafla nako kuna hatari yake. Lakini mwenye mzee anayeitumia anayo haki ya kuuliza kliniki maswali mawili: figo zake zimepimwa lini, na je, iko dawa nyingine isiyoshusha sukari kwa nguvu namna hii. Figo za mama, alipopimwa, zilikuwa zimepungua nguvu, na glibenclamide ikaondolewa siku ileile. Kipimo cha metformin nacho kilipunguzwa kulingana na hali ya figo.

Jambo gumu kwangu halikuwa dawa bali namba. Nyumbani tulikuwa tumelelewa na fikra kwamba sukari ikiwa chini ndiyo nzuri. Mama alipopima 4.2 tulifurahi, kaka yangu aliyeko Mombasa alimtumia pongezi kwa simu, na alipopima 9 alionekana ameiba halwa. Daktari alitueleza kwamba lengo la mzee si lengo la mtu wa miaka 40. Kipimo kinachoitwa HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ndicho kinachoangaliwa. Shirika la kisukari la Marekani hupendekeza chini ya asilimia 7.0 hadi 7.5 kwa mzee mwenye afya na akili timamu, chini ya asilimia 8.0 kwa mwenye maradhi kadhaa au aliyeanza kupungukiwa na kumbukumbu, na kwa aliye dhaifu sana namba hiyo huwekwa kando, jambo kuu likawa ni kuzuia isishuke na isipande kiasi cha kumtesa. Mama aliwekwa katika kundi la kati.

Ilibaki kujua ni kiasi gani cha usahaulifu kilitokana na sukari kushuka na kiasi gani kilikuwa na asili nyingine. Kwa ajili hiyo tulimpeleka Mombasa: boti mpaka Mokowe, basi karibu siku nzima, na malazi kwa jamaa zetu. Gharama nitazieleza wazi kwa sababu watu hawaambiani. Skani ya ubongo, HbA1c, vipimo vya figo, tezi na vitamini B12, pamoja na ada ya daktari bingwa, vilipita shilingi 30,000 kabla ya nauli. Bima ya afya ya serikali ya Kenya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, hatukuwa tumekamilisha michango yake, kwa hiyo kila kitu kilitoka mfukoni, na dada yangu aliuza bangili. Anayejiandaa kwa safari kama hii amalize mambo ya bima kwanza, na aulize ni vipimo gani vinaweza kufanywa karibu na nyumbani. Vya figo na HbA1c tungeliweza kuvifanya kabla ya kusafiri, na vitamini B12 ingelihitaji damu kuchukuliwa tu na kupelekwa.

Kipimo cha kumbukumbu ndicho nilichokiogopa zaidi, na ndicho kilichonifundisha zaidi. Mama hakwenda skuli. Anasoma Kurani na anaandika kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za kizungu hazijui. Karatasi ya kwanza aliyopewa ilimtaka aandike sentensi, achore mchemraba na ataje tarehe ya leo, na matokeo yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba nililia kwenye korido. Muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa pwani, alimwomba daktari ajaribu vingine. Akamwuliza mama mwezi gani huu, mama akajibu Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, jibu ambalo lilikuwa sahihi kabisa kwa kalenda anayoishi nayo. Akamwambia, "Bibi, nihesabie mifungo kurudi nyuma kuanzia Mfungo Tisa." Mama akaenda vizuri hadi Mfungo Tano, akanyamaza, akaruka hadi Mfungo Tatu. Akaambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Aliichora, namba zote zikabanana upande mmoja. Akaulizwa maneno matano aliyoambiwa mwanzoni, akakumbuka matatu, na ya nne akaikumbuka alipodokezwa kwamba ni samaki.

Daktari akasema sasa anaona picha ya kweli. Kumbukumbu yenyewe haikuwa mbaya sana, kwa kuwa alikumbuka aliposaidiwa. Kilichopungua ni kasi ya kufikiri, uangalifu na uwezo wa kupanga mambo kwa mfuatano. Kwa watu wenye kisukari, alisema, mara nyingi hayo ndiyo yanayotangulia kupungua. Skani ilionyesha madoa ya mishipa midogo ya damu ya ubongo iliyodhurika kwa miaka mingi. Nikaelewa kwa nini kofia ilitangulia majina ya wajukuu. Kazi ya kofia ni kupanga na kufuata mfuatano tangu kitundu cha kwanza hadi cha mwisho. Mwenye mzee anayekuja kupimwa aende na habari za kazi anayoijua mzee huyo, iwe kusuka mikeka, kupika kwa ajili ya harusi, kutengeneza nyavu au kuhesabu faida ya duka, kwa sababu kasoro hujitokeza huko mapema kuliko kwenye karatasi. Na kama mzee hakusoma skuli, jambo hilo lisemwe kabla kipimo hakijaanza.

Vitamini B12 nayo ilikuwa chini. Metformin ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini hiyo mwilini, na upungufu wake huleta ganzi miguuni na kudhoofisha kumbukumbu. Ganzi ya mama sote tuliihesabu kuwa ya kisukari. Alianzishiwa sindano, ambazo ni rahisi kuliko vyote tulivyolipia, na kama kuna kipimo kimoja ninachowasihi watu wakiulizie kwa mzee aliyekaa na metformin miaka mingi, ni hicho.

Hapa ndipo pa kusema habari ya upande wa pili, maana niliporudi Lamu nikisimulia hatari ya sukari kushuka, watu wawili walinielewa kwamba sukari kupanda si neno. Ni neno. Mishipa ile midogo haikuharibika kwa sababu ya Shaabani moja. Iliharibika kwa miaka ya sukari na presha iliyopanda bila kutibiwa ipasavyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wazee 2,067 katika eneo la Seattle nchini Marekani, ulikuta kwamba wenye kisukari waliokuwa na wastani wa sukari wa takriban 10.5 walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa akili kupungua (dementia) iliyozidi kwa asilimia 40 ile ya wenye wastani wa 8.9. Hata wasio na kisukari, wastani wa 6.4 uliambatana na hatari iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye 5.5. Tafiti za namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hazithibitishi kwamba moja limesababisha jingine, lakini zinatosha kumfanya mtu wa miaka 50 asingoje.

Na upande wa kushuka nao una ushahidi wake. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 16,667 wa California wenye kisukari cha aina ya pili, na waliowahi kufikishwa hospitali mara tatu au zaidi kwa sukari kushuka walikuwa na hatari ya ugonjwa wa akili kupungua iliyokaribia mara mbili ya wasiowahi. Huenda pia mambo yakaenda kinyumenyume, yaani aliyeanza kusahau akameza dawa mara mbili au akasahau kula, sukari ikashuka, na kushuka huko kukazidi kumdhuru. Kwa mama nadhani yote mawili yalitokea. Wala kushusha sukari kwa nguvu zote hakujaonekana kuokoa akili. Katika jaribio kubwa la Marekani liitwalo ACCORD, kundi lililolazimishwa kufikia HbA1c ya chini ya asilimia 6.0 lilisimamishwa mwaka 2008 kwa sababu ya vifo vilivyozidi, na kwa washiriki waliopimwa akili baada ya miezi 40, kundi hilo halikuwa bora kuliko lile lililotibiwa kwa kiasi.

Nyumbani mambo yalibadilika kidogo kidogo, mengine kwa ugomvi. Vidonge sasa viko kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku za juma, na mpwa wangu ndiye anayekijaza kila Ijumaa. Mama hamezi dawa kabla ya kuona chakula mbele yake. Meno yalitibiwa, na hilo peke yake lilirudisha hamu ya kula kuliko nasaha zetu zote. Chakula hakikubadilishwa kikawa cha hospitali: wali wa nazi upo, lakini ni kipimo cha kikombe badala ya kilima, na nafasi iliyobaki kwenye sahani imechukuliwa na mbaazi, samaki na mchicha. Mahamri ni ya Ijumaa. Asali tulibishana sana, kwa kuwa kila mgeni huja na chupa akisema ni dawa, nasi hupokea kwa shukrani na kuiweka kwenye kabati ya vitu vya dharura, maana asali ni sukari na siku ya dharura itafaa. Jioni mama hutembea ufukoni kutoka gatini hadi anapochoka, akishikwa mkono. Presha inapimwa mara kwa mara, na masikio yamepimwa pia, baada ya kusoma kwamba jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, kusikia vibaya, kutoona vizuri, presha na kisukari yakiwamo, na kukadiria kwamba yote kwa pamoja yanahusika na takriban asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa akili kupungua duniani.

Ramadhani ilikuwa mtihani wa peke yake. Mama hakuwa tayari kusikia kutoka kwangu, mtoto aliyemzaa, kwamba asifunge. Tulimwita shekhe anayemheshimu, akaketi naye barazani, akamkumbusha kwamba mgonjwa na mzee asiyeweza amepewa ruhusa na Kurani yenyewe, na kwamba fidia yake ni kumlisha maskini kwa kila siku. Daktari naye alikuwa ameeleza kwamba aliyepata kushukiwa na sukari vibaya katika miezi ya karibuni yumo katika kundi la hatari kubwa na hushauriwa asifunge. Mama alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kusimamia mwenyewe futari ya wale anaowalisha, akikosoa chumvi. Kwa wazee wenye kisukari ambao daktari amewaruhusu kufunga, wajue kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 hushauriwa wafungue wakati huohuo, hata ikiwa imebaki nusu saa.

Ukali wa adhuhuri uliisha ndani ya wiki chache za kubadilishwa dawa, na hajapotea njia tena. Ganzi imepungua. Kasi ya kufikiri haikurudi yote, na daktari alisema wazi kwamba sehemu iliyodhurika na mishipa haitarudi. Tunachoweza ni kuzuia isiongezeke. Mama anajua. Anashona bado, lakini mchoro anatobolewa na mpwa wangu, naye huzungusha uzi.

Kinachotugharimu sasa ni stripu za mashine, ambazo boksi moja hupita shilingi 1,500 na halidumu kama unavyofikiria, kwa hiyo ndugu tumegawana miezi. Kaka yangu bado haamini kwamba 9 kwa mama ni namba ya kawaida, na kila anapoliona daftari hunipigia simu kunilaumu kwa wali. Tumekubaliana hivi: akipima chini ya 4 hata mara moja, au zaidi ya 15 mara mbili mfululizo, au akichanganyikiwa ghafla hata kama namba ni nzuri, daktari anapigiwa simu hapohapo, kwa kuwa kuchanganyikiwa ghafla kunaweza pia kuletwa na maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu au kiharusi. Mengine yote yanaandikwa na kungoja siku ya kliniki.